Kadi ya Mkopo Yenye Pointi Mjini Tanga: Namna ya Kujua Inapokelewa Wapi na Wapi Inakufaa

Mwongozo huu ni kwa mkazi wa Tanga ambaye benki yake imempa kadi ya mkopo yenye pointi, akaambiwa kwamba kila atakapolipia kwa kadi hiyo atajikusanyia zawadi, kisha akatoka benki na kukuta kwamba siku yake nzima inapita mahali pasipo na mashine ya kadi. Asubuhi ananunua mkate kwenye duka la jirani, anapanda bajaji mpaka kazini, mchana anakula kwa mama lishe, jioni anapitia soko la Mgandini kuchukua mboga na nazi, na katika hayo yote kadi haijatoka kwenye pochi. Swali lake la kwanza huwa ni wapi kadi inapokelewa. Swali hilo ni la haki, lakini halitoshi peke yake, kwa sababu kupokelewa kwa kadi ni jambo moja, kuhesabiwa pointi ni jambo la pili, na kubaki na faida baada ya makato ni jambo la tatu. Hatua zinazofuata zinayashika yote matatu, nami nimezipitia zote mwenyewe hapa mjini kwa kadi yangu.

Hatua ya 1: Isome kadi kabla ya kutoka nyumbani

Angalia nembo iliyopo kwenye kona ya kadi, kwa kuwa mashine ya dukani hujibu mtandao wa malipo ulioitoa nembo hiyo, wala haijali jina la benki yako. Kadi ya Visa namba yake huanza na 4, ya Mastercard huanza na 5 au 2, na ya American Express huanza na 34 au 37 na ina tarakimu 15 badala ya 16. Mwenye Visa au Mastercard hatapata taabu kubwa palipo na mashine. Mwenye kadi ya mtandao mwingine aulize kwanza kabla ya kujaza kikapu, kwani ziko mashine zinazosoma mitandao hiyo miwili tu.

Hakikisha pia kwamba kadi unayoishika ni ile ya mkopo. Wengi wetu tuna kadi mbili za benki moja, rangi zinakaribiana, na moja huchota fedha za akaunti moja kwa moja wakati nyingine ndiyo inayokopesha na kuhesabu pointi. Nimemwona mwenzangu ofisini akichanja kadi ya akaunti mwezi mzima akidhani anajikusanyia pointi, na taarifa ilipokuja hakukuta hata moja.

Kisha iombe benki ikupe masharti ya zawadi kwa maandishi, na humo utafute mambo haya: unapata pointi ngapi kwa kila shilingi 1,000, pointi moja ina thamani gani unapoitumia, inaisha muda baada ya miezi mingapi, ada ya kadi kwa mwaka ni kiasi gani, na ni malipo ya aina gani ambayo hayahesabiwi kabisa. Hilo la mwisho ndilo watu hulipita haraka, nami naomba ulisome mara mbili. Kutoa fedha taslimu kwenye ATM, kuhamishia fedha kwenye akaunti ya simu, kununua vocha za kubahatisha, pamoja na riba na ada za benki yenyewe, kwa kawaida huwa nje ya zawadi. Fedha taslimu zina ubaya zaidi, kwa maana riba yake huanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, bila zile siku za nafuu unazopewa unaponunua bidhaa.

Hatua ya 2: Andika matumizi ya mwezi mmoja kama yalivyo

Chukua daftari, usitegemee kumbukumbu. Kwa mwezi mmoja andika kila shilingi inayotoka na mahali ilipokwenda, pamoja na nauli ya daladala na chai ya saa nne. Ukimaliza, igawe orodha katika mafungu matatu: mahali ambapo kadi haiwezi kufika, mahali ambapo pengine inafika, na mahali ambapo una hakika inafika.

Nitatoa mfano ili hesabu ionekane. Tuseme nyumba inatumia shilingi 900,000 kwa mwezi. Katika hizo, 560,000 zinakwenda sokoni, kwenye duka la jirani, nauli, umeme, maji, ada ya shule na mchango wa msiba au harusi. Zilizobaki, 340,000, zinakwenda supamaketi, sheli, famasi na mara moja moja mgahawani. Kama benki inatoa pointi 1 kwa kila shilingi 1,000, na pointi hiyo ina thamani ya shilingi 10, nyumba hii itapata pointi 340 kwa mwezi, yaani shilingi 3,400, na kwa mwaka shilingi 40,800. Endapo ada ya kadi kwa mwaka ni shilingi 50,000, mwenye kadi ameshapata hasara ya shilingi 9,200 kabla hajalipa riba ya senti moja.

Hesabu hiyo ifanye kwa namba zako mwenyewe, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha kama kuna haja ya kuendelea na hatua zinazofuata au kuirudisha kadi na kuomba ile isiyo na ada. Usijaribu kuifanya ipendeze kwa kununua vitu usivyovihitaji. Shilingi 10,000 iliyotumika bila sababu ili kupata pointi zenye thamani ya shilingi 100 ni shilingi 9,900 zilizopotea.

Hatua ya 3: Zunguka uulize, na uulize vizuri

Hapa ndipo penye kazi. Usiamini kibandiko cha mlangoni. Kibandiko hubandikwa siku mashine inapoletwa, na hubaki hapo hata baada ya mashine kuharibika au kurudishwa benki. Njia ya uhakika ni kuuliza kabla ya kuchukua bidhaa, tena kwa maswali matatu: mashine inafanya kazi leo, inapokea kadi ya nembo hii, na je, kuna nyongeza yoyote ninapolipa kwa kadi?

Siku moja niliingia duka la vyombo vya nyumbani kwenye mojawapo ya barabara za namba za Ngamiani. Mwenye duka ni mzee wa makamo ya baba yangu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Ahsante. Samahani, mnapokea kadi?"

"Tunapokea, mbona."

Akainama, akavuta droo, akatoa daftari la madeni, kisha bahasha ya risiti, kisha kalamu mbili zilizokauka, na chini kabisa akaitoa mashine ikiwa imezungushiwa waya wake kama mtu aliyefungwa kilemba. Chaji haikuwa nayo. Tukaichomeka ukutani, tukangoja. Ilipowaka ikaomba karatasi, na karatasi ilikuwa imekwisha. Mzee akanitazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Nilipie kwa simu tu, mwanangu, kadi wanakuja nayo mara mbili kwa mwaka." Nikalipa kwa lipa namba, na duka hilo nikaliandika katika fungu la kati, si katika fungu la uhakika.

Mashine isiyotumika hupoteza chaji, karatasi huisha bila mtu kugundua, na laini yake ya simu hukosa mtandao. Kwa hiyo duka linalopokea kadi kila siku ni bora kwako kuliko duka lenye mashine mpya. Dalili yake ni rahisi: mashine iko juu ya kaunta, imechomekwa, na keshia anaishika bila kusitasita.

Kwa jinsi mji wetu ulivyo, anza na hoteli za Raskazone na zile zilizo karibu na bandari, kwa kuwa hupokea wageni wa kikazi na watalii waendao Mapango ya Amboni na Pangani, na wageni hao huja na kadi. Desturi hii ina asili ya zamani. Diners Club, kadi iliyoanza New York mwaka 1950, ilitengenezwa kwa ajili ya kulipia migahawa, na tangu hapo hoteli na migahawa zimekuwa mlango wa mbele wa kadi karibu kila mji duniani. Baada ya hoteli nenda supamaketi, kisha sheli kubwa zilizo kando ya barabara kuu ziendazo Muheza na Horohoro, kisha famasi kubwa na hospitali binafsi, kisha maduka ya simu, kompyuta na vifaa vya umeme ambako mtu mmoja anaweza kulipa laki kadhaa kwa mara moja.

Kwenye sheli uliza kabla ya kusimamisha gari kwenye pampu, maana mafuta yakishaingia tangini hayatoki, na mhudumu akisema mtandao hamna utabaki ukitafuta wakala wa kutolea fedha huku nyuma yako wengine wanapiga honi. Uliza pia kama mashine iko kwenye pampu au ofisini, na kama iko ofisini, nenda na kadi yako mwenyewe.

Sasa kuhusu sokoni. Mgandini, Makorora na soko la samaki la Deep Sea si mahali pa kadi, na sioni sababu ya kumlaumu mchuuzi. Kila unapolipa kwa kadi, benki ya mwenye duka humkata asilimia fulani ya mauzo, na sehemu ya makato hayo huenda kwa benki iliyokupa kadi, ambayo ndiyo inayokulipa pointi. Zawadi yako, kwa maneno mengine, kwa sehemu inatoka kwa muuzaji. Mama anayeuza fungu la nyanya kwa faida ya shilingi mia mbili hana pa kuyaweka makato hayo. Mvuvi naye ananadi samaki alfajiri, mnunuzi anataka kuwawahi walaji wa mchana, na fedha zikichelewa kuingia akaunti hata kwa siku moja, kesho yake hana ya mafuta ya boti. Nenda sokoni na fedha taslimu au simu yenye salio, ununue pweza wako, uondoke kwa amani.

Usichanganye lipa namba na kadi. Unapolipa kwa lipa namba au kwa kuskani kwa kamera ya simu msimbo wa malipo wa TANQR, fedha hutoka kwenye akaunti yako ya simu au ya benki, na kadi ya mkopo haihusiki. Wako waliofikiria kuhamisha fedha kutoka kadi ya mkopo kwenda M-Pesa au Airtel Money ili walipie kila kitu na kupata pointi. Benki nyingi huuhesabu uhamisho huo kama kutoa fedha taslimu, kwa hiyo pointi hazipatikani, ada inakatwa, na riba inaanza siku hiyohiyo.

Malipo ya serikali nayo yana njia yake. Bili ya maji ya Tanga UWASA, kodi ya ardhi na ada nyingi za halmashauri hulipwa kwa namba ya malipo kupitia benki, wakala au simu. Hata ukiilipa ndani ya programu ya benki yako kwenye simu, kwa kawaida fedha zinatoka kwenye akaunti ya akiba, si kwenye mkopo wa kadi. Ziache hizo katika fungu la kwanza, usihangaike nazo.

Hatua ya 4: Pima nyongeza kabla ya kuingiza namba ya siri

Muuzaji akikwambia kwamba kwa kadi anaongeza asilimia fulani, usikasirike na usikubali haraka. Fanya hesabu. Kwa bidhaa ya shilingi 100,000, nyongeza ya asilimia 3 ni shilingi 3,000. Pointi zako, kwa mfano tuliouweka hapo juu, ni shilingi 1,000. Umelipa shilingi 2,000 zaidi kuliko aliyelipa taslimu.

Nyongeza hiyo mara nyingine haitajwi, bali imejificha kwenye punguzo. Unapatana bei ya feni, mnashuka mpaka 85,000, ukitoa kadi bei inarudi 90,000. Hiyo ni nyongeza ya karibu asilimia 6, hata kama hakuna aliyeiita hivyo. Kwa sababu hiyo napatana bei kwanza, kisha nauliza, "Bei hii ni hiyohiyo hata kwa kadi?" Jibu likiwa hapana, nalipa taslimu na duka hilo nalifuta katika orodha ya kadi, ingawa mashine wanayo.

Kuna wakati nyongeza inastahili kulipwa: unapokuwa na dharura, mgonjwa yuko hospitali ya Bombo na dawa iliyoandikwa inapatikana famasi ya nje tu, na mshahara haujaingia. Hapo kadi inakuokoa kama mkopo, na pointi si za kuzungumzia.

Hatua ya 5: Jua duka limeandikishwa kama nini

Baadhi ya kadi hutoa pointi mara mbili au tatu kwa aina fulani ya matumizi, kwa mfano mafuta ya gari au chakula cha nyumbani. Benki haioni ulichonunua. Haijui kama ni unga au sabuni. Inachokiona ni namba yenye tarakimu 4 ambayo benki ya muuzaji ilimpa siku alipopewa mashine, ikieleza aina ya biashara yake. Supamaketi hubeba 5411, sheli 5541, famasi 5912, mgahawa 5812, hospitali 8062, na utoaji wa fedha kwenye ATM hubeba 6011.

Kutoka hapo mambo kadhaa yanaeleweka ambayo vinginevyo yangekushangaza. Maziwa uliyonunua kwenye duka dogo lililo ndani ya sheli yanaweza kuhesabiwa kama mafuta, kwa kuwa duka linatumia mashine ya sheli. Chakula cha jioni kwenye mgahawa wa hoteli kinaweza kuingia kama malazi. Duka linalouza vyakula vya rejareja mbele na jumla nyuma huenda liliandikishwa kama la jumla, na pointi zako za ziada za chakula zisionekane.

Muuzaji mwenyewe mara nyingi haijui namba yake, kwa hiyo kumuuliza ni kumpotezea muda. Fanya jaribio. Nunua kitu kidogo unachokihitaji kweli, subiri muamala ukamilike, kisha angalia kwenye programu ya benki au piga simu uulize muamala huo umepata pointi ngapi. Andika jibu kando ya jina la duka katika daftari lako. Andika pia jina lililotokea kwenye taarifa ya benki, kwa sababu duka ambalo mtaani sote tunaliita kwa jina la mwenyewe huenda limesajiliwa kwa jina la kampuni usiyoifahamu, na mwisho wa mwezi utaliona jina hilo ukadhani umeibiwa.

Hatua ya 6: Unapolipa, isimamie kadi yako

Kadi isiondoke machoni pako. Iwe ni kuchanja, kuchomeka au kugusisha, mashine ije ulipo au wewe uende ilipo. Soma kiasi kilichoandikwa kwenye kioo cha mashine kabla ya kuingiza namba ya siri, maana sifuri moja ya ziada hugeuza 15,000 kuwa 150,000. Kisha dai risiti mbili: ile ya mashine ya kadi na ile ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, kwa kuwa ya kwanza inathibitisha malipo na ya pili inathibitisha ununuzi.

Kisa changu kilinifundisha kutunza hata risiti ya muamala ulioshindikana. Tulikuwa kwenye mgahawa mmoja ufukweni, watu wanne, bili shilingi 96,000. Mhudumu akaleta mashine mezani, nikaingiza namba ya siri, ikazunguka muda mrefu kisha ikaandika kwamba hakuna majibu. Akaniomba turudie karibu na kaunta ambako mtandao una nguvu, tukarudia, ikakubali. Kabla sijafika kwenye gari simu ikaingiza ujumbe mara mbili, 96,000 na 96,000. Mtandao ulikatika baada ya benki kuidhinisha malipo ya kwanza na kabla jibu halijaifikia mashine, hivyo benki ilihesabu kwamba nimelipa na mgahawa ukahesabu kwamba sijalipa.

Nilirudi ndani palepale. Nilimwomba mhudumu atoe karatasi ya muamala wa kwanza ulioshindwa, nikaipiga picha pamoja na ile iliyokubali, na kesho yake asubuhi nikaziwasilisha benki pamoja na barua fupi yenye tarehe, saa, kiasi na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Fedha zilirudi. Bila karatasi ile ya kwanza ningekuwa na maneno matupu. Kwa hiyo mashine ikigoma, usikubali kurudia mpaka uwe na vitu viwili: karatasi ya muamala ulioshindwa, na hakika kwamba simu yako haijapokea ujumbe wa makato. Subiri dakika chache, na ukiona foleni inakusukuma, lipa kwa njia nyingine.

Malalamiko huanzia benki yako, kwa maandishi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Benki isipoyamaliza, Benki Kuu ya Tanzania ina utaratibu wa kupokea malalamiko ya wateja wa huduma za fedha, nayo itataka kuona kwamba ulianza na benki yako kwanza.

Hoteli zina jambo lao la pekee. Unapoingia huweza kuzuia kiasi fulani kwenye kadi kama dhamana, na kiasi hicho hupunguza mkopo uliobaki ingawa hakijalipwa. Uliza ni kiasi gani na kitaachiliwa lini.

Hatua ya 7: Ndugu wa nje, safari na manunuzi ya intaneti

Watanga tuna ndugu Mombasa, Oman na Uingereza, nao wakija kwa Idi au harusi huja na kadi za huko. Mashine ikimuuliza mgeni wako kama anataka kulipa kwa shilingi za Tanzania au kwa fedha ya kwao, mwambie achague shilingi za Tanzania. Akichagua fedha ya kwao, ubadilishaji unafanywa hapohapo kwa kiwango kilichowekwa na upande wa muuzaji, ambacho kwa kawaida ni kibaya kuliko cha benki yake. Kumbuka pia kwamba kanuni zilizotangazwa Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa kwa fedha za kigeni, kwa hiyo bili ya hoteli hapa Tanga inapaswa kuwa ya shilingi.

Wewe nawe ukivuka Horohoro kwenda Mombasa, kanuni ni ileile kwa upande wa pili: lipa kwa shilingi za Kenya. Hata hivyo benki yako huenda ikakata ada ya kubadilisha fedha, na ada hiyo ikizidi thamani ya pointi, safari nzima lipa taslimu na uiache kadi kwa ajili ya hoteli pekee. Ukienda Dar es Salaam kwa mashauri ya kikazi, fanya kinyume chake. Manunuzi makubwa ya vitu vya nyumbani ambayo Tanga yana nyongeza huenda kule yasiwe nayo, nami hungoja safari kama hizo kununua vitu vya bei kubwa.

Kwa intaneti, mtu wa Tanga ana nafasi sawa na mtu wa mji mkubwa wowote. Tiketi ya ndege, hoteli ya safari, ada ya mtihani wa kitaaluma na programu za kompyuta hulipwa kwa kadi bila kujali unaishi Chumbageni au New York. Benki itakutumia namba ya uthibitisho ya mara moja kwenye simu, kwa hiyo hakikisha laini iliyosajiliwa benki ndiyo unayoitumia sasa. Namba hiyo usimpe mtu yeyote anayepiga simu akijitambulisha kuwa ni wa benki. Benki haiihitaji.

Hatua ya 8: Panga tarehe zako

Kadi ina tarehe mbili: siku ya kufunga hesabu ya mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa. Ukinunua siku moja baada ya hesabu kufungwa, unapata muda mrefu zaidi kabla ya kudaiwa. Ukinunua siku moja kabla, muda ni mfupi. Manunuzi makubwa yapangie baada ya hesabu kufungwa.

Na deni lilipwe lote. Ile namba ndogo iliyoandikwa kama malipo ya chini kabisa inakulinda na faini ya kuchelewa tu, haikulindi na riba. Katika mfano wetu, deni la shilingi 340,000 likiachwa mwezi mmoja kwa riba ya asilimia 3 litazaa shilingi 10,200, ambazo ni pointi za miezi mitatu.

Mimi niliiomba benki isogeze siku yangu ya mwisho ya kulipa iwe siku tano baada ya mshahara kuingia, ikakubali baada ya barua moja. Siku hiyohiyo ya mshahara nalipa kwanza deni la kadi lote, kisha natoa taslimu za Mgandini na Deep Sea, ninazigawa katika bahasha nne za wiki nne, na bahasha ya kwanza inaingia kwenye pochi kando ya kadi.